Mavu Wameisha, Hakuna Aliyepiga Vigelegele

Tarehe 18 Desemba 2024, Idara ya Kilimo ya Jimbo la Washington pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani zilitangaza kwamba mavu wakubwa walioingia kutoka Asia wametokomezwa nchini. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa imekatika bila kuthibitishwa kuonekana hata mmoja. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye foleni ya duka la vyakula hapa Bellingham, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, si mbali na mahali vita yenyewe ilipopiganwa. Nikainua macho nione kama kuna mwenzangu aliyeipata. Wapi! Kila mtu na toroli lake la Krismasi. Jioni nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la familia, lile lile lililokesha likijadili mavu mwaka 2020. Binamu mmoja akajibu kwa alama ya dole gumba, kisha mazungumzo yakarudi kwenye mchango wa harusi.

Jambo hilo limenikera tangu siku ile. Hofu ilipewa kurasa za mbele, ushindi ukapewa dole gumba.

Mwaka 2020 ulikuwaje, wote tunakumbuka. Corona imetufungia ndani, habari zote ni za vifo, halafu mwanzoni mwa Mei gazeti la The New York Times likaandika kuhusu mavu waliogunduliwa huku kwetu na kutaja jina ambalo watafiti kadhaa walikuwa wanalitumia: mavu wauaji. Haikupita siku mbili jina hilo likawa limezunguka dunia. Nilianza kutumiwa picha za mdudu aliyejaza kiganja kizima cha mtu, nyingine zimechezewa waziwazi kwenye kompyuta. Mama mdogo akapiga simu kutoka Tabora: "Mwanangu, corona haijawatosha, sasa na nyigu tena? Si urudi tu nyumbani?" Nikamwambia, mama, huko nyumbani ndiko kwenye nyuki wakali kuliko wa huku wote. Akacheka. "Hao tumeshazoeana nao."

Alisema kwa mzaha, lakini katika habari nzima ya mavu sijasikia maelezo yaliyokaribia ukweli kuliko hayo.

Mdudu mwenyewe kisayansi anaitwa Vespa mandarinia. Kwao ni Japani, Korea, China na Taiwan, mpaka milima ya kaskazini ya India. Hakuna mavu mkubwa kumshinda duniani: malkia anaweza kufikia urefu wa sentimita 5, kichwa kipana cha rangi ya chungwa, tumbo lenye mistari ya kahawia na njano. Mwiba wake una urefu wa milimita 6 hivi, na unapenya vazi la kawaida la mfugaji nyuki. Nyuki akikuchoma anaacha mwiba kwenye ngozi yako na kufa. Mavu anachoma, anachomoa, anachoma tena.

Kwa hiyo sisemi hana hatari kwa mtu. Anayo. Ukichomwa na mmoja utaumia vibaya lakini utapona, isipokuwa kama una mzio. Balaa ni kuvamia kiota. Sumu nyingi ikiingia mwilini kwa mara moja hupasua chembe nyekundu za damu na kuharibu misuli, mabaki yake yanakwenda kuelemea figo, na mtu aliyetoka hospitali kwa miguu yake anaweza kurudi baada ya siku mbili figo zimegoma. Mwaka 2013, katika mkoa wa Shaanxi nchini China, mavu waliua watu zaidi ya 40 na kujeruhi zaidi ya 1,600 katika majira ya joto na vuli ya mwaka huo mmoja. Japani, nyuki, nyigu na mavu kwa jumla huua watu kati ya 10 na 25 hivi kila mwaka.

Lakini chukua takwimu nyingine. Kati ya mwaka 2000 na 2017 nyuki na nyigu wa kawaida waliua watu 1,109 nchini Marekani, wastani wa watu 62 kwa mwaka, wengi wao wakiwa watu wenye mzio. Hiyo ni kabla mavu wa Asia hajatia mguu. Yeye aliyeitwa muuaji hakuua Mmarekani hata mmoja tangu alipoingia hadi alipoondolewa. Wale 62 hawana jina la kutisha, hawauzi magazeti.

Aliyekuwa hatarini hasa ni nyuki.

Mwaka wa mavu huyu unaanza na malkia mmoja aliyelala peke yake majira yote ya baridi, tayari amebeba mbegu za dume. Masika anaamka, anachimba au anatafuta shimo, mara nyingi chini ya ardhi kwenye mizizi au kwenye uwazi wa mti uliooza, anajenga vyumba vichache na kulea watoto wake wa kwanza mwenyewe, bila msaada. Kufika Julai vibarua wametosha, malkia hatoki tena. Kiota kinakua. Halafu vuli inakuja, na kiota kinabadili kazi: sasa kinalea malkia wapya na madume, na hao wanataka protini nyingi kuliko wadudu wa kawaida wanavyoweza kutoa. Hapo ndipo mavu wanapoigeukia mizinga.

Kwanza anakuja mmoja, anapaka harufu yake mahali pa mzinga kuwaita wenzake. Wakishakusanyika hawawindi tena, wanachinja. Mavu 30 hivi wanaweza kumaliza mzinga wa nyuki 30,000 kwa saa chache, kwa kuwakata vichwa tu na kuwadondosha chini. Wakimaliza wanahamia ndani, wanalinda mzinga kana kwamba ni wao tangu zamani, na kwa siku kadhaa wanabeba majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye masega, kupeleka kwao. Asali si shida yao. Mavu mkubwa hata nyama hali: kiuno chake chembamba hakipitishi chakula kigumu. Anaitafuna akaifanya donge, anawalisha mabuu, na mabuu nao wanamtemea majimaji ambayo ndiyo chakula chake. Wajapani waliyachunguza majimaji hayo wakatengeneza kinywaji cha wanariadha kwa kuigiza mchanganyiko wake. Naoko Takahashi, aliyeshinda mbio za marathoni za wanawake kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ndiye aliyekitangaza sana. Mkenya Joyce Chepchumba alichukua shaba siku hiyo bila mate ya mavu yeyote, kwa ninavyojua mimi.

Turudi kwa nyuki. Novemba 2019, mfugaji mmoja wa eneo la Custer, kaskazini mwa Bellingham, alikuta maelfu ya nyuki wake wametapakaa chini, vichwa huku, viwiliwili kule. Hakuwahi kuona kitu cha aina hiyo, kwa sababu huku hakikuwahi kutokea.

Nilimpigia mjomba wangu wa Sikonge, ambaye amefuga nyuki kwenye mizinga ya magome tangu sijazaliwa. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mvua nikamweleza.

"Wanafuata asali?"

"Hapana mjomba, wanafuata majana."

"Na nyuki wanafanya nini?"

"Wanatoka mmoja mmoja kupigana, wanakatwa."

Akanyamaza kidogo. "Nyuki wa wapi hao wanaotoka mmoja mmoja?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyosikia kwenye televisheni. Nyuki wa Marekani asili yao ni Ulaya, waliletwa na walowezi kwenye meli. Hawajawahi kukutana na mavu huyu, basi wanamjia kwa mbinu wanazozijua, na mbinu hizo kwake ni mzaha. Nyuki wa asili wa Japani, Apis cerana, wao wameishi naye muda mrefu mno. Mpelelezi wa mavu akifika, hawamzuii mlangoni. Wanamwacha aingie. Akishafika ndani mamia ya nyuki wanamrukia kwa pamoja, wanamfunika wakawa mpira mmoja hai, na kuanza kutetemesha misuli ya kifua mpaka joto la katikati linafika karibu nyuzi 46. Nyuki analihimili joto hilo, mavu halihimili. Anaokwa akiwa hai. Huko Vietnam watafiti wameona nyuki wa jamii hiyo hiyo wakikusanya vinyesi vya wanyama na kuvipaka kuzunguka mlango wa mzinga kumfukuza ndugu wa karibu wa mavu huyu. Nilimsimulia mjomba habari ya vinyesi akacheka mpaka simu ikakatika.

Alipopiga tena tukazungumza juu ya mende mdogo wa mzinga. Huyu ni wa kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, na kwa mjomba ni kero ya kawaida tu: nyuki wenye nguvu wanambana pembeni, maisha yanaendelea. Mwaka 1998 aligunduliwa Florida, na huko aliiangusha mizinga mingi, asali ikachacha ndani ya masega, wafugaji wakapata hasara kubwa. Mdudu ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba alikutana na wasiomjua. Ndugu zetu walioko Muscat wanaweza kuniambia kwamba wao mavu wanao siku zote, wale wa rangi ya kahawia nyekundu wenye mkanda wa njano, na wafugaji nyuki wa Oman wanahangaika nao kila msimu. Kweli kabisa. Lakini wale ni wa hapo hapo tangu asili, na nyuki wa huko wanajua kujikusanya dhidi yao. Wanapigwa, lakini hawafutiki.

Na hapa mtu wa Tabora lazima awe mnyenyekevu kidogo, maana kwenye orodha ya wavamizi na sisi tumo. Mwaka 1956 Mbrazili Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili kupata nyuki wanaofaa hali ya joto ya Brazil. Mwaka uliofuata makundi 26 yaliponyoka karibu na Rio Claro. Yakapandana na nyuki wa Ulaya waliokuwepo, uzao wao ukasambaa Amerika Kusini yote, ukapita Amerika ya Kati, na mwaka 1990 ukavuka mpaka kuingia Texas. Magazeti ya huku yaliwaitaje? Nyuki wauaji. Kwa hiyo niliposikia "mavu wauaji" nilijua habari inaelekea wapi. Ni lile lile koti kuukuu, limetolewa kabatini akavishwa mgeni mpya. Safari hii likawa na madhara ya ziada, kwa sababu Waamerika wenye asili ya Asia walikuwa tayari wanatukanwa barabarani kwa ajili ya corona. Mwaka 2022 Chama cha Wataalamu wa Wadudu cha Marekani kilimpa mdudu huyu jina rasmi lisilotaja Asia, mavu mkubwa wa kaskazini. Wengi hawakusikia.

Walifikaje? Septemba 2019 kiota kizima kilipatikana na kuteketezwa Nanaimo, kwenye kisiwa cha Vancouver upande wa Kanada. Desemba mwaka huo huo mavu mmoja akapatikana Blaine, mji wa mpakani upande wa Marekani. Mtu angedhani waliruka maji wakavuka. Vipimo vya vinasaba vilisema vingine: wale wa Nanaimo walifanana na mavu wa Japani, yule wa Washington na wa Korea Kusini. Yaani safari mbili tofauti, karibu wakati mmoja. Na mwaka 2021 dume mkavu, aliyekufa zamani, aliokotwa Marysville, kusini zaidi, naye hakuwa na undugu wa karibu na hao wengine. Safari ya tatu. Malkia mmoja aliyelala ndani ya shehena anatosha kuanzisha ukoo, na bandari za pwani hii hazilali.

Sasa niseme jinsi walivyosakwa, kwa sababu sehemu hii naipenda.

Idara ya kilimo ilitangaza mtego ambao mtu yeyote angeweza kuutengeneza: chupa ya plastiki iliyotobolewa, ndani yake juisi ya machungwa iliyochanganywa na mvinyo wa mchele wa kupikia. Juisi inamvuta mavu, mvinyo unamfukuza nyuki wa asali. Unatundika mtini, unaangalia kila wiki, unaandika ulichokuta kwenye ukurasa wa idara. Mimi nilitundika wangu kwenye ua wa nyuma. Jirani yangu, mzee anayefuga nyuki kidogo kwa ajili ya chai yake, alitundika kadhaa. Tulikuwa tunaongea kila mtu upande wake wa ua, barakoa usoni, tukilinganisha matokeo: nzi, nondo, nyigu wadogo wa njano, nzi tena. Kazi ya kuchosha, na harufu yake baada ya wiki sitaki kuielezea. Kwa muda mrefu sana matokeo yetu yalikuwa "hakuna". Baadaye ndiyo nilikuja kuelewa kwamba "hakuna" ya mtu mmoja haina thamani kubwa, lakini "hakuna" za watu mia kadhaa kwenye ramani zinawaonyesha wataalamu mahali ambapo hawana haja ya kupoteza muda.

Julai 2020 mtego mmoja karibu na Birch Bay ulinasa wa kwanza. Lakini mavu aliyekufa hakupeleki kwake. Ilibidi wanaswe wakiwa hai, na wafungwe kifaa cha redio ili warudi kiotani wakifuatwa. Timu ya Sven Spichiger, mtaalamu wa wadudu aliyeongoza msako, ilijaribu kwanza gundi. Gundi ikanata mpaka kwenye mabawa, mavu akashindwa kuruka. Wakabadili: kifaa kidogo kilichotoka Chuo Kikuu cha Washington kikafungwa kiunoni mwa mavu kwa uzi wa kusafishia meno. Hebu fikiria mtu mzima, msomi, amemshika mdudu mwenye mwiba wa milimita 6 anamfunga fundo. Kabla ya kumwachia walimlisha jemu ya stroberi apate nguvu za safari.

Tarehe 22 Oktoba 2020 mmoja wao aliwafikisha. Kiota kilikuwa ndani ya mti wa alda kwenye kiwanja cha mtu, nje kidogo ya Blaine, urefu wa mita mbili na nusu hivi kutoka chini. Siku mbili baadaye, alfajiri na baridi yake, watu waliovaa mavazi mazito ya sponji na miwani ya kukinga macho (mavu huyu anaweza kurusha sumu machoni) waliziba nyufa kwa povu, wakauzungushia mti plastiki, wakawafyonza mavu kwa mashine kuwaingiza kwenye chombo, kisha wakajaza shimo hewa ya kabonidioksidi. Mti ulipokatwa na kupasuliwa, ndani zilikutwa ngazi sita za masega na mavu karibu 500 wa kila hatua, kuanzia mayai. Karibu 200 walikuwa malkia wapya, wengine wameshakomaa, wengine bado wamefungwa vyumbani.

Tuliza macho kwenye hesabu hiyo. Wiki chache tu baadaye hao wangeruka, wangepandana, wangejificha kusubiri masika. Wengi wangekufa kwa baridi, ndivyo maumbile yalivyo. Lakini wangebaki hata kumi tu, mwaka 2021 tungekuwa na viota kumi, na ukoo ambao hauwezi tena kufuatwa kwa uzi wa meno.

Mwaka 2021 viota vitatu vingine vilipatikana, vyote jirani na kile cha kwanza. Kimoja, kilichong'olewa mwezi Agosti, kilikuwa na mavu karibu 1,500 wa kila hatua. Baada ya hapo, kimya. Idara haikushangilia. Iliendelea kutundika mitego mwaka 2022, 2023, 2024, na watu wakaendelea kukuta nzi. Walipotoa hesabu ya mwisho walisema nusu ya mavu waliothibitishwa Washington, na wote wa upande wa Kanada, waliripotiwa na wananchi wa kawaida. Si kwa satelaiti wala kwa kompyuta: mtu aliona kitu kwenye varanda akapiga picha.

Hofu basi ilisaidia? Kwa kiasi, ndiyo, sitabisha. Bila kelele zile nani angetundika chupa ya juisi kwa hiari? Lakini gharama yake walilipa wengine. Nchi nzima, hata kwenye majimbo yaliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa, watu walinyunyizia dawa chochote chenye mistari: nyuki bambi, nyigu wasiomdhuru mtu, hata nyuki wa asali wenyewe ambao vita ilikuwa ni ya kuwaokoa. Watafiti wa wadudu walishinda wakijibu barua pepe zenye picha za wadudu waliopondwa bila hatia.

Ukitaka kujua Washington ilikwepa nini, nenda Ufaransa. Mwaka 2004, katika eneo la Lot-et-Garonne kusini-magharibi mwa nchi hiyo, aligunduliwa mavu wa miguu ya njano, Vespa velutina. Inaaminika aliingia ndani ya vyungu vilivyotoka China. Huyu ni mdogo kuliko yule wa Blaine, sentimita mbili na nusu hivi. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba ukoo wote wa Ulaya unaweza kuwa ulianza na malkia mmoja aliyekuwa amepandwa na madume kadhaa. Mmoja! Aliyeingia wakati hakuna aliyekuwa anaangalia. Walipokuja kumtilia maanani, uzao wake ulikuwa unasonga kilomita 60 hadi 80 kwa mwaka. Hispania mwaka 2010, Ureno na Ubelgiji 2011, Italia 2012, Ujerumani 2014, Uingereza 2016.

Namna yake ya kuua mzinga ni ya polepole. Anaelea mbele ya mlango, anamdaka nyuki anayerudi amebeba chavua, anaondoka naye, anarudi. Wakiwa kadhaa, nyuki wanaogopa kutoka. Mzinga haushambuliwi tena, unakaa tu na njaa, na baridi ikifika ghala ni tupu. Kiota kimoja kinaweza kula zaidi ya kilo 11 za wadudu kwa msimu, na si nyuki wa asali pekee. Machi 2025 Ufaransa ilipitisha sheria maalumu ya kupambana naye. Miaka zaidi ya 20 baada ya yule malkia wa kwanza! Sheria hiyo haizungumzii kumtokomeza, maana hilo limeshapita. Inazungumzia kumpunguza na kuwafidia wafugaji. Sisi wa Afrika Mashariki tusiwacheke. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, na mwaka 2024 Kenya ilikuwa bado inatangaza mpango wa kuwaua milioni moja.

Uingereza wamekaa katikati ya Washington na Ufaransa. Mwaka 2023 waliharibu viota 72, vingi vikiwa Kent, mkoa unaotazamana na Ufaransa, na kila mwaka wengine wanavuka mlango bahari. Mbinu yao inanivutia kwa jinsi ilivyo rahisi: wanaweka chambo, mavu akija kunywa wanampaka doa la rangi mgongoni, kisha wanapima dakika anazochukua kwenda na kurudi. Kila dakika moja ni kama mita 100 za umbali wa kiota. Wakifanya hivyo mahali patatu tofauti, mistari inakutana kwenye mti fulani.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Brussels, Lyon, Lisbon au London, mavu wako ni huyu wa miguu ya njano. Kabla ya kukata ua wa miti mwishoni mwa kiangazi, kaa uangalie dakika chache kama kuna wadudu wanaoingia na kutoka mahali pamoja. Watunza bustani wengi wameumizwa kwa kuingiza mashine kwenye kiota ambacho hawakukiona. Ukikiona, rudi nyuma taratibu, piga picha kwa mbali, toa taarifa manispaa, au kama uko Uingereza tumia programu ya simu iitwayo Asian Hornet Watch. Usikichome moto, usikipige jiwe, usimwite shemeji mwenye ngazi. Aliyechomwa mdomoni au kooni, au anayeanza kuhema kwa shida, ni wa kupelekwa hospitali hapo hapo. Aliyechomwa mara nyingi naye aende hata kama anajisikia mzima, na siku zinazofuata aangalie rangi ya mkojo wake. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, figo zinaomba msaada.

Huku Marekani hadithi imeshahamia kwingine. Agosti 2023 mavu wa miguu ya njano aligunduliwa karibu na Savannah, Georgia, penye bandari kubwa ya makontena. Viota vimekuwa vikiteketezwa huko na kwenye jimbo jirani la South Carolina, msimu baada ya msimu, na wafugaji nyuki wa huko wanauliza kama bado wako upande wa Washington au wameshavuka kwenda upande wa Ufaransa. Nyigu ambaye hayupo hana picha ya kuonyeshwa bungeni, na fedha za kumsaka ndizo za kwanza kukatwa. Jirani yangu mzee anasema hivyo kila bajeti ya jimbo inapojadiliwa, na hajakosea hata mara moja.

Na huku kwetu, Oktoba 2024, miezi miwili kabla ya lile tangazo, mkazi mmoja wa kaunti ya Kitsap, ng'ambo ya maji kutoka Seattle, alituma picha ya mdudu aliyefanana sana na mavu mkubwa. Mdudu mwenyewe alikuwa ameshapotea, kwa hiyo haikuwezekana kuthibitisha. Idara ilitundika mitego eneo lile na kuwaomba majirani waangalie nyua zao. Hawakupata kitu. Wakasema mitego ya Kitsap itarudishwa mwaka unaofuata.